Tangi la maji ndani ya kompyuta: ukubwa wake na mahali pake

Mdogo wangu anayeishi Mbeya anaunda kompyuta yake ya kwanza ya kupozwa kwa maji. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Hivi ninunue tangi la mililita ngapi?" Nilimwitikia, kisha nikamwuliza pampu yake itakaa wapi ndani ya kasha. Akajibu kwamba hilo hajalifikiria, kwa kuwa pampu ni ndogo na haitakosa pa kukaa, ila tangi analitaka kubwa ili maji yapoe vizuri. Niliposoma jibu hilo nilijua kwamba ujumbe wa simu hautatosha, kwa sababu alikuwa akielekea kwenye kosa lile lile nililolifanya mimi miaka mitatu iliyopita: kuchagua tangi kwa ukubwa na sura yake, halafu kulitafutia mahali baadaye. Nimeona niyaandike hapa yote niliyojifunza, ayasome yeye, na yeyote mwingine anayetaka kuianza kazi hii ayasome kabla hajatoa fedha yake.

Mimi hutengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, zile anazoonyeshwa mteja ili aone nyumba yake itakavyokuwa. Picha moja yenye vioo vingi na vivuli vya miti huweza kuitumikisha kompyuta kwa nguvu zake zote kwa saa tatu au nne mfululizo. Ninaishi Tanga, chumba changu cha kazi kina feni ya dari na madirisha mawili, na mwezi wa Februari kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 32 mchana. Nilipokuwa nikitumia mashine ya kupozwa kwa hewa, feni zake zilinguruma mpaka waliokaa sebuleni wakawa wanaongeza sauti ya televisheni. Ndipo nilipohamia kwenye maji.

Mfumo wenyewe unafanana na ule wa gari. Bloku ya shaba hukandamizwa juu ya prosesa na nyingine juu ya kadi ya picha, maji hupita ndani yake na kubeba joto, rejeta zenye feni hulitoa joto hilo kwenye hewa, pampu huyazungusha maji, na tangi huyapokea na kuyarudisha kwenye pampu. Vyote huunganishwa kwa mipira laini, au kwa mabomba magumu ya plastiki kwa wanaopenda mistari iliyonyooka. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kinachoweza kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa ya chumba. Katika nyuzi 32 za Tanga maji yangu hutulia kwenye nyuzi 43 au 44 kazi ikiwa nzito. Mashine hiyo hiyo ikiwekwa Mbeya, kwenye chumba cha nyuzi 20, itatulia kwenye nyuzi 31 au 32. Mdogo wangu amekwisha kupata kwa baridi ya kwao kile ambacho tangi la ukubwa wowote halitampa.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na ninamsihi kila mtu aifanye mwenyewe. Gramu moja ya maji huhitaji takriban jouli 4.2 za joto ili ipande nyuzi moja. Prosesa yangu na kadi ya picha, zikifanya kazi pamoja, hutoa wati 450 hivi, yaani jouli 450 kwa kila sekunde. Nilipoumwaga mfumo mzima na kuyapima maji kwa jagi la jikoni, nilipata mililita 850, na kati ya hizo 230 zilikuwa za tangi. Mililita 230 zinahitaji jouli zipatazo 960 ili zipande nyuzi moja, na wati 450 huzitoa jouli hizo katika sekunde mbili na kidogo. Kwa hiyo, hata tukichukulia kwamba rejeta zimesimama kabisa na hazitoi joto lolote, maji yaliyomo ndani ya tangi yananicheleweshea safari ya kupanda nyuzi 12 kwa sekunde 26 tu. Nikiweka tangi lenye ukubwa mara mbili nitaongeza sekunde nyingine 26, katika kazi ya saa tatu. Joto ambalo maji hufikia mwishoni huamuliwa na eneo la rejeta na kiasi cha hewa inayopita ndani yake, na ukubwa wa tangi hauligusi hata kidogo.

Ili niwe mwadilifu, maji mengi yana faida kwa anayefanya kazi za vipindi vifupi, kwa sababu joto hupanda taratibu na feni hazibadilishi sauti kila dakika. Tangi kubwa pia huongezwa maji mara chache zaidi kwa mwaka. Hizo ni faida za kweli, lakini ni ndogo, na mtu asizinunue kwa kutoa nafasi ambayo ingetosha rejeta nyingine.

Kazi ya kwanza ya tangi ni kuhakikisha kwamba mdomo wa pampu haukosi maji hata kwa sekunde moja. Hili linaeleweka haraka kwa mtu aliyeishi kwenye nyumba yenye simtanki. Simtanki iliyopandishwa kwenye mnara huleta maji bombani bila kuombwa, kwa uzito wake tu, ilhali pampu iliyokaa juu ya kisima ni lazima kwanza ijazwe maji pamoja na bomba lake la kuvutia, na hewa ikiingia humo huzunguka bure mpaka iungue. Pampu za kompyuta zina tabia hiyo hiyo. Pampu mbili zinazotumiwa zaidi, D5 na DDC, zote zina asili ya kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Laing, na leo huuzwa kwa majina ya makampuni mengi ya vifaa vya kupozea, ingawa mota iliyo ndani mara nyingi ni ile ile. D5 husukuma maji kwa gurudumu dogo linalozunguka, na gurudumu hilo linaweza kuyatupa maji kwa nguvu, lakini haliwezi kuivuta hewa ili maji yaifuate. Tena, kinachozunguka ndani yake hukaa juu ya gololi ndogo ya kauri inayolainishwa na maji yenyewe, bila grisi wala oili. Pampu ikizunguka kavu, gololi hiyo hujisaga.

Mimi nililijua hilo kwa kulisoma, na bado nikakosea. Nilikuwa nimenunua tangi la bomba, refu, lenye kipenyo cha milimita 60, na nilitamani lionekane vizuri nyuma ya kioo cha ubavuni, kando ya madabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Pampu niliiweka peke yake kwenye sakafu ya kasha, nyuma, chini ya kadi ya picha. Kwa vipimo vya wima nilikuwa sahihi, kwa kuwa tangi lilikuwa juu na pampu chini. Lakini mpira uliotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu haukuweza kupita moja kwa moja kwa sababu ya mabano ya kadi, hivyo niliupandisha, ukavuka juu ya mabano, ukashuka upande wa pili. Sehemu iliyovuka mabano ilikuwa juu kuliko usawa wa maji ndani ya tangi kwa sentimita tatu. Nilijaza tangi, nikawasha pampu, nikangoja maji yaende. Hayakwenda. Hewa ilikuwa imekaa kwenye kile kilele cha mpira, na maji ya tangi, ambayo hushuka kwa uzito wake tu, hayakuwa na sababu ya kupanda kilima. Pampu ilitoa sauti ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Niliiacha izunguke kwa takriban dakika moja nikidhani inahitaji muda, kabla sijaelewa na kuizima. Pampu hiyo bado inafanya kazi, ila tangu siku ile ina mlio mwembamba ambao haikuwa nao ilipotoka kwenye boksi, na kila ninapousikia usiku, kazi ikiwa imekwisha na feni zimetulia, huwa nasikitika.

Kwa hiyo sharti lenyewe ni kali kuliko maneno "tangi juu, pampu chini" yanavyosema. Njia yote kuanzia tundu la kutokea la tangi hadi mdomo wa pampu inapaswa kuteremka au kulala sawa, isipande mahali popote, na iwe fupi kadiri inavyowezekana. Njia iliyo fupi kuliko zote ni ile isiyokuwapo, yaani tangi lililofungwa moja kwa moja juu ya pampu kama chupa juu ya kizibo chake. Siku hizi matangi mengi huuzwa hivyo, tangi na pampu vikiwa kitu kimoja, na kwa anayeanza sioni sababu ya kununua kingine. Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba pampu ya D5 isilazwe kichwa chini, mota ikiwa juu ya gurudumu, kwa kuwa hewa hupanda na kukaa kwenye ile gololi ya kauri.

Baada ya pampu kupata maji yake, mpangilio wa vilivyobaki hauna uzito ambao wengi huupa. Mita yangu ya mtiririko husoma lita nne kwa dakika. Kwa mtiririko huo, wati 450 huyapandisha maji kwa nyuzi moja na nusu hivi kutoka mahali yalipo baridi zaidi hadi yalipo moto zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo yote inayogombaniwa na wanaobishana kama rejeta itangulie prosesa au kadi ya picha. Pitisha mpira pale njia ilipo fupi na isiyojikunja.

Kazi ya pili ya tangi ni kuitoa hewa, na hapa ndipo ukubwa wake unapoanza kuwa na maana, ingawa ni ukubwa wa namna nyingine. Ndani ya mpira wenye kipenyo cha milimita 10, lita nne kwa dakika hukimbia kwa kasi ya sentimita 85 kwa sekunde. Kiputo cha hewa kilichomo humo hakina nafasi ya kupanda, kinabebwa tu. Maji hayo yakiingia kwenye tangi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, kasi hushuka mara 25, ikawa sentimita tatu na nusu kwa sekunde, na kiputo kinapata muda wa kujitenga na kupanda juu. Kipenyo ndicho kinachofanya kazi hiyo, kwa sababu kasi hupungua kwa kipeo cha pili cha kipenyo, wakati urefu unaongeza tu umbali kati ya uso wa maji na tundu la kutokea. Ndiyo maana tangi pana la urefu wa milimita 150 huisafisha hewa vizuri kuliko jembamba la milimita 250, hata kama yanabeba maji yanayolingana.

Umbali huo wa kwenda chini hata hivyo usidharauliwe. Maji yakiwa machache juu ya tundu la kutokea, huanza kuzunguka kama yanavyozunguka juu ya tundu la sinki, yakachimba shimo katikati, na shimo hilo likafika kwenye pampu likiwa limejaa hewa. Watengenezaji huweka msalaba wa plastiki, kipande cha sponji au ukuta mdogo chini ya tangi ili kuuvunja mzunguko huo, na vyote husaidia. Dawa iliyo bora ni kutoliacha tangi lishuke chini ya nusu. Maji yanayorudi nayo yaingie chini ya uso, kwa tundu la ubavuni au kwa kibomba cha ndani, na mbali na tundu la kutokea. Yakiachwa yaanguke kutoka juu huleta sauti ya maporomoko na kutengeneza viputo vipya vingi kuliko tangi linavyoweza kuvitoa, na mtu akakaa wiki nzima akijiuliza kwa nini maji yake yana rangi ya maziwa.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama kuliweka tangi juu kabisa ya kasha kunaongeza nguvu ya maji. Hakuongezi. Huu ni mzunguko uliofungwa, maji yanayopanda upande mmoja yanasawazishwa na yanayoshuka upande wa pili, na pampu ikishajaa haihisi kimo chochote, inahisi ukinzani wa bloku na mipira tu. Kimo kina faida mahali pengine. Tangi likiwa ndilo lililo juu kuliko vyote, hewa hulifuata yenyewe, na ukifungua mfuniko kuongeza maji hakuna kinachofurika. Tangi likiwa chini ya rejeta ya darini, hewa inaweza kukaa ndani ya rejeta kwa siku nyingi, na ukifungua mfuniko wakati hewa hiyo bado ipo, maji ya juu huweza kushuka na kulijaza tangi mpaka likamwagika juu ya meza. Makasha mengi ya leo hayaachi nafasi juu, hivyo wengi wetu tangi liko chini au ubavuni. Si tatizo, mradi liwe juu ya pampu. Kinachotakiwa ni subira ya kuliinamisha kasha mbele, nyuma na pande zote mbili, pampu ikizunguka, mpaka rejeta iache kutema viputo.

Kuna kipimo kimoja ambacho picha za matangazo hazikionyeshi kamwe, nacho ni nafasi ya mkono. Rejeta yenye unene wa milimita 30 pamoja na feni ya milimita 25 huchukua milimita 55 chini ya dari ya kasha. Tangi refu likisimama chini yake linaweza kubakiwa na nafasi ya vidole viwili, na mfuniko ulio juu ya tangi ukawa haufunguki, au ukafunguka lakini faneli isiweze kuingia. Mimi nilikata bomba la maboksi lenye vipimo vya tangi, nikalisimamisha ndani ya kasha, nikajaribu kulifungua na kulimwagia maji ya kubuni. Nusu saa ya mchezo huo iliniokoa kuagiza tangi la milimita 250 ambalo lisingejazika. Mahali pasipokuwa na nafasi kabisa, mpira mfupi unaweza kutoka juu ya tangi hadi kwenye tundu la kujazia lililotobolewa kwenye dari ya kasha. Vilevile pawepo bomba la kumwagia, lenye koki, kwenye sehemu iliyo chini kuliko zote, na koki hiyo iweze kufikiwa bila kufungua kitu kingine. Nilipoisafirisha mashine hii kwa basi kwenda Dar es Salaam nilimwaga maji yote kwanza, kwa sababu maji yanayotikisika kwa saa nyingi ni mzigo mzito kwa mabano mawili ya tangi.

Kuhusu aina nyingine za matangi nitasema machache. Yale ya kuingia kwenye nafasi ya diski ya inchi 5.25 yalikuwa mazuri, lakini makasha mapya karibu yote hayana tena nafasi hizo. Bamba la akriliki, plastiki ngavu kama kioo, lenye mifereji ndani yake, linalokuwa tangi na njia za maji kwa pamoja, linapendeza sana na linapunguza mabomba, ila mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya kasha moja maalumu, hivyo ukibadilisha kasha umelipoteza, na gasketi yake ndefu ina sehemu nyingi za kuvuja. Kipande cha mpira chenye njia tatu kilichosimama wima kinaweza kufanya kazi ya tangi mahali penye ufinyu mkubwa, lakini kukijaza ni kazi ya jioni nzima.

Malighafi ina uzito zaidi kuliko umbo. Tangi langu la kwanza lilikuwa la akriliki, na nililiharibu mwenyewe kwa usafi. Nililifuta ndani na nje kwa spiriti ya duka la dawa, nikalifunga, na baada ya wiki kadhaa nikaona nyufa nyembamba kama nywele zikizunguka matundu yote mawili ya chini. Spiriti huishambulia akriliki, hasa mahali ilipobanwa, na hakuna mahali palipobanwa kama kwenye fitingi. Akriliki ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, basi. Tangi la sasa lina bomba la kioo na vichwa vya asetali, plastiki nyeusi ngumu isiyopasuka ovyo. Akriliki ni nzuri ikitunzwa, na ni nafuu, lakini mwenye kukaza fitingi kwa spana asiinunue.

Nyuzi za skrubu za fitingi karibu zote ni za G1/4, robo inchi, ndugu mdogo wa nusu inchi na robo tatu ambazo fundi bomba huzifunga kila siku. Tofauti ni kwamba hapa anayezuia maji ni oringi, pete ndogo ya mpira, iliyolala kwenye kichwa cha fitingi. Tepu ya mabomba haina kazi. Kaza kwa vidole mpaka oringi ibonyee, ongeza robo ya mzunguko, acha. Na kwa kuwa bloku ni za shaba, kusiwe na alumini yoyote inayoguswa na maji, iwe kwenye rejeta, kwenye fitingi au kwenye kichwa cha tangi, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji, alumini huliwa na mabaki yake huziba mifereji ya bloku.

Siku ya kujaza, pampu iwe peke yake kwenye umeme, mashine nyingine yote ikiwa imechomolewa. Pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, huwashwa kwa plagi maalumu inayounganisha waya wa kuwashia, ambao kwa kawaida ni wa kijani, na waya mweusi kwenye kiunganishi cha pini 24. Jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima kabla uso wa maji haujafika kwenye tundu la kutokea, jaza tena. Rudia mpaka tangi liache kupungua. Mimi hutandika karatasi za jikoni chini ya kila fitingi na kuiacha pampu izunguke usiku kucha kabla ya kuunganisha kitu kingine chochote. Mwishoni huacha sentimita mbili za hewa juu ya maji, kwa sababu mililita 850 zikitoka nyuzi 25 hadi 44 huongezeka kwa mililita tano au sita, na hewa hubonyea lakini maji hayabonyei.

Maji yenyewe hununuliwa kwa urahisi kwenye vituo vya mafuta, kwa jina la maji ya betri. Soma lebo vizuri kabla ya kulipa, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa mahali hapo hapo na chupa zake hufanana. Yawe maji yaliyokenekwa, bila kitu ndani yake, kisha yaongezwe dawa ya kuzuia kutu na ukoga iliyotengenezwa kwa mifumo hii. Tangi linalopigwa na jua la dirishani huota ukoga wa kijani hata likiwa na dawa, na dirisha langu la mashariki lilinionyesha hilo katika mwezi wa pili. Niligeuza kasha, kioo kikaelekea ukutani. Nilipoteza ule mwonekano niliokuwa nimeutafuta tangu mwanzo, na sijaurudisha.

Kupitia mipira laini maji hupotea polepole hata pasipo mvujo. Nimebandika kipande cha tepu nyeupe kwenye bomba la tangi, nikaandika tarehe kwenye usawa wa maji, na katika miezi minne iliyopita uso umeshuka milimita saba, yaani mililita 14 hivi. Alama hiyo ndiyo inayoniambia mapema kama fitingi fulani imeanza kulegea, na ninaikagua kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Mdogo wangu amekubali kununua tangi la kipenyo cha milimita 60 na urefu wa milimita 150, lililofungwa juu ya pampu ya D5, na fedha iliyobaki ameitengea rejeta ya pili. Jana alinitumia picha ya bomba la maboksi limesimama ndani ya kasha lake, mbele, chini ya rejeta ya dari. Nimemwambia alisogeze sentimita nne kushoto, maana pale lilipo mfuniko utagonga feni kabla haujafunguka.